Shela lilikuja baadaye

Na Mwandishi Wetu

KWASHEMSHI, KOROGWE. Sista akishuka kwenye basi hapa Kwashemshi, penye mashamba ya mkonge chini ya milima ya Usambara, hakosi mtu wa kumpokea mkoba. Vijana humwamkia, na hata mama aliyemzidi umri kwa mbali humpa heshima asiyompa binti yake mwenyewe. Akishapita, maneno hubaki nyuma yake. Mmoja huuliza ni wazazi gani hao waliokubali binti yao asiolewe wala asizae, jina la bibi yake likose wa kulibeba. Wa pili hujibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, yalikuja na misheni. Wa tatu humtetea: kaitwa na Mungu, Kanisa limemchukua, si wa kwetu tena. Wanabishana, na kila mmoja anadhani ana neno lake, lakini picha iliyo vichwani mwao ni moja. Wazazi wamemtoa, wageni wamemleta, Kanisa limemchukua. Katika maneno yote hayo hakuna hata mahali pamoja ambapo sista mwenyewe ndiye aliyetenda.

Mabishano haya yana historia ndefu upande huu wa Tanga. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifika Magila, Muheza ya leo, katika miaka ya 1860. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston wa Zanzibar akaanzisha hapo hapo Magila jumuiya ya masista wa Mateso Matakatifu, CSP. Ndio waliofanya kazi Kwamkono, Handeni, kwenye hospitali ya misheni na katika malezi ya watoto waliopoozeshwa na polio. Mwaka 1946 huko Masasi kikazaliwa, chini ya malezi yao, Chama cha Mariamu Mtakatifu, cha masista Waafrika, ambacho nyumba zake zilifika hadi Korogwe na Kwamkono. Wakatoliki wa Jimbo la Tanga nao wana shirika lao la Masista wa Usambara. Zaidi ya miaka mia, basi, familia za Wazigua, Wabondei na Wasambaa zimekuwa zikiwaona mabinti wakienda, na kila mara swali limerudi lile lile.

Lugha yetu yenyewe imeibeba picha hiyo. Kutawa, kwa Kiswahili cha pwani, ni kumcha Mungu, lakini pia ni kukaa ndani, kutoonekana na wanaume wa nje. Wanawake wenye nadhiri tulipowaita watawa, jina lilikuja na ukuta wake. Hoja ya makala haya ni kwamba ukuta huo ulijengwa baadaye. Katika karne za kwanza za Ukristo wanawake hawa walianza na uamuzi wao wenyewe, na kazi yao ikaonekana kabla ya vazi lao. Sura ya bibi arusi aliyefunikwa, mtulivu, asiyeonekana, ilichorwa na wanaume, kwa sehemu kubwa ikiwa jibu kwa uhuru ambao wanawake hao walikuwa wakiutumia tayari. Anayewapinga masista kwa picha hiyo, na anayewatetea kwa picha hiyo hiyo, wanakosea mahali pamoja.

Waliojiweka wenyewe

Ushahidi wa kwanza umo katika barua. Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika miaka ya 50, anasema katika sura ya 7 kwamba juu ya mabikira hana amri ya Bwana, ana ushauri tu. Sura hiyo ni jibu. Wakorintho ndio waliotangulia kumwandikia, na hakuna anayeuliza habari za jambo lisilokuwapo. Mtume amewakuta wanawake wasiotaka kuolewa, hakuwaanzisha yeye. Matendo ya Mitume, sura ya 21, inawataja binti wanne wa Filipo, mabikira waliokuwa wakitoa unabii, na wala haielezi nani aliwapa ruhusa. Kisha Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unatuonyesha kitu kinachofanana na daftari: wajane wanaandikwa, wasipungue miaka 60, wawe wamelea watoto, wamekaribisha wageni, wamewasaidia wenye taabu. Mwandishi wa waraka anawalalamikia pia wajane vijana wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Lalamiko kama hilo lina thamani kubwa kwa mwanahistoria, kwa kuwa linathibitisha kwamba wanawake hao walikuwa wakitembea, wakiingia majumbani na kusema.

Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasi wa Antiokia anawasalimu huko Smirna mabikira ambao waliitwa wajane. Yaani daftari lile la wajane lilikuwa limekwisha kupokea wanawake ambao hawakuwahi kuolewa. Karibu na mwaka 112 gavana wa Kirumi, Plinio, anamwandikia Kaisari Trajano kutoka upande wa Uturuki ya leo. Alitaka kujua ukweli wa Wakristo, kwa hiyo aliwatesa wajakazi wawili ambao wenzao waliwaita kwa jina la wahudumu. Gavana mpelelezi hamkamati mtu asiye na habari. Yaelekea aliwachagua watumwa wawili wa kike kwa sababu alielewa kwamba siri za jumuiya ziko mikononi mwao. Hatujui kama walikuwa na nadhiri ya useja, lakini tunajua kwamba kazi ya Kanisa ilikuwa na wanawake wenye cheo kinachotambulika hata na adui, na kwamba cheo hicho hakikuhitaji utajiri.

Andiko lenye uzito kuliko yote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni sentensi fupi katika kitabu cha taratibu za Kanisa kiitwacho Mapokeo ya Mitume, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha karne ya 3 ingawa wataalamu bado wanabishana juu ya asili yake. Kinaeleza jinsi ya kumwekea mikono askofu, padri na shemasi. Kinapomfikia bikira kinaagiza asiwekewe mikono, kwa kuwa uamuzi wake peke yake ndio unaomfanya bikira. Mtu anaweza kuisoma sentensi hiyo kuwa inamnyima mwanamke daraja, na ni kweli inamnyima. Lakini inasema pia kwamba hakuna askofu anayeweza kudai kuwa ndiye aliyemfanya. Kanisa linampokea hali amekwisha kujiweka.

> Askofu, padri na shemasi waliwekewa mikono. Bikira alifanywa bikira na uamuzi wake.

Huko Misri tunakuta jambo ambalo vitabu vyetu vya katekesi hulipita haraka. Antoni huitwa baba wa wamonaki. Karibu na mwaka 270 aligawa mali, akaenda kuishi peke yake. Atanasi, aliyeandika maisha yake, anasema kwamba kabla ya kuondoka alimweka dada yake mdogo kwa mabikira waaminifu waliojulikana. Baba wa wamonaki, basi, alipoanza safari yake aliwakuta wanawake walioishi maisha hayo, wenye sifa kijijini, na uwezo wa kulea mtoto wa watu. Majina yao Atanasi hakuyaandika. Inasikitisha, maana hao ndio waliotangulia.

Kichwa wazi cha Karthago

Sasa tuje kwenye shela, maana hapo ndipo picha na maisha vinapoachana. Karthago, karibu na Tunis ya leo, ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya Ukristo wa Afrika. Mwanzoni mwa karne ya 3 Tertuliani, Mwafrika wa mji huo, aliandika kitabu kizima kuhimiza mabikira wafunikwe. Sababu yake inashangaza mtu aliyezoea kumtambua sista kwa kitambaa cha kichwani: kanisani Karthago mwanamke aliyeolewa alijifunika, bali bikira aliyejiweka kwa Mungu aliruhusiwa kukaa kichwa wazi. Kichwa wazi kilikuwa alama yake mbele ya waumini, kwamba huyu hana mume juu yake. Tertuliani aliudhika. Alisema bikira ni mwanamke kama wengine na hastahili heshima ambayo hata wanaume waseja hawapewi. Katika kitabu chake juu ya ubatizo anawakemea pia wanawake waliomtaja Tekla, mwanafunzi wa Paulo katika hadithi ya karne ya 2, ili kudai haki ya kufundisha na kubatiza.

Miaka kama arobaini baadaye Sipriani, askofu wa mji huo huo, anaandika juu ya mavazi ya mabikira. Baadhi yao ni matajiri, wanavaa vito, wanahudhuria harusi na mabafu ya umma; anawataka mali hiyo wawape maskini. Katika barua nyingine anashughulikia mabikira waliokuwa wakilala nyumba moja na wanaume huku wakiapa kwamba hawajavunja nadhiri, na anaagiza wakunga wawakague. Yako mengi ya kusema juu ya kashfa hiyo, ila linaloonekana wazi ni kwamba wanawake hawa waliishi majumbani mwao, wakishika fedha zao, na maaskofu walikuwa wakitafuta namna ya kuwaweka chini ya mkono wao. Ikafika miaka ya 350, siku ya Krismasi, katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, Papa Liberio akamvika shela Marselina, dada yake Ambrosi, aliyekuja kuwa askofu wa Milano. Kutoka kichwa wazi cha Karthago hadi shela la Roma ni miaka mia na hamsini hivi. Katika muda huo alama ya mwanamke asiye na mume iligeuka kuwa alama ya mwanamke mwenye Mume wa mbinguni, na aliyeshika kitambaa akawa askofu.

Maisha yao lakini hayakulifuata shela. Mwaka 384 padri Yeronimo alimwandikia binti Eustokio barua ndefu akimsihi akae chumbani mwake, asionekane nje, amngoje Bwana arusi. Haukupita muda, Eustokio na mama yake Paula wakapanda meli wakaenda Mashariki, wakatembelea Misri, wakajenga Bethlehemu nyumba za watawa wa kike na wa kiume kwa fedha za Paula. Huyo Paula alijifunza Kiebrania. Rafiki yao Marsela, aliyebaki Roma, aliulizwa maswali ya Maandiko hata na mapadri; Yeronimo mwenyewe anashuhudia kwamba alipojibu alisema maneno hayo ni ya mwalimu wake au ya mtu mwingine, ili wanaume wasione wamefundishwa na mwanamke. Hapo tunaona picha ikitengenezwa mbele ya macho yetu. Mwanamke anajua, anajibu, kisha analificha jina lake ili jibu lipokelewe. Makrina wa Ponto, aliyefariki mwaka 379, aliishi na wajakazi wake wa zamani kama dada zake, na mdogo wake, Askofu Gregori wa Nisa, alimwita mwalimu. Bila kalamu ya mdogo wake huyo, tungejua kidogo mno juu yake.

"Si mila yetu"

Hoja kubwa inayosikika Korogwe ni ya mila, na haifai kudharauliwa. Kwa Wazigua wa kale ukoo ulifuatwa kwa mama. Mwanamke asiyezaa alikuwa ameukata ukoo wenyewe, wala si kumkosesha mumewe watoto tu. Mzazi anayelia binti yake akienda konventi halilii jambo dogo. Lakini anayesema kwamba kwa Wazungu jambo hili lilikuwa la kawaida hajui Roma ilikuwaje. Sheria za Kaisari Augusto, za mwaka 18 kabla ya Kristo na mwaka 9 baada yake, ziliwataka wanawake wa miaka 20 hadi 50 wawe katika ndoa, na mjane alipewa miaka miwili aolewe tena; aliyekaidi alipoteza haki za urithi. Adhabu hizo zilifutwa na Konstantino mwaka 320. Kuna wanaodai kwamba Wakristo waliiga mabikira wa mungu Vesta, waliokuwapo Roma tangu zamani. Hao walikuwa wachache, sita kwa desturi, wakichaguliwa na wakubwa wangali watoto wa miaka 6 hadi 10, kwa utumishi wa miaka 30. Tofauti ya kuchaguliwa na kuchagua ndiyo tunayoizungumza.

Ambrosi anasimulia kwamba kina mama wa Milano waliwafungia mabinti ndani wasije kusikiliza mahubiri yake, huku wasichana wakitoka mbali, hata Mauritania ya Afrika Kaskazini, waje kuwekwa wakfu. Kilio cha ukoo kilikuwa Milano kama kilivyo Kwashemshi. Na ramani yenyewe inakataa dai la Uzungu: Karthago, Aleksandria, jangwa la Misri, haya ndiyo mashamba ambako mbegu iliota mapema na kwa wingi.

Kwetu Afrika Mashariki historia inasema vivyo hivyo. Masista wa kwanza wa Kikatoliki walifika Zanzibar mwaka 1860, wakitokea kisiwa cha Réunion. Walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa 1849, mwaka mmoja baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, likiwapokea wanawake weupe na wanawake walioachwa huru katika nyumba moja. Hiyo ndiyo asili ya sista wa kwanza pwani yetu. Tazama tena Mityana, Buganda. Tarehe 31 Mei 1886 Noe Mawaggali aliuawa kwa ajili ya imani yake. Dada yake, Munaku, alijitoa mwenyewe mbele ya askari. Wakamchukua mateka, na wamisionari wakamkomboa. Alibatizwa Maria Matilda, akakataa kuolewa, akajiweka kwa Mungu. Masista Weupe walifika Buganda mwaka 1899, na shirika la masista Waafrika la Bannabikira likaanza 1910. Alipoamua Munaku, hapakuwa na konventi wala mlezi wa wanovisi, wala sista wa kumwiga. Palikuwa na yeye na neno alilolisikia, kama ilivyokuwa Korintho.

> Alipoamua Munaku mwaka 1886, masista walikuwa bado hawajafika Buganda.

Je, tunawapamba?

Msomaji makini atasema kwamba tunawapamba wanawake hawa kwa uhuru tunaoupenda leo. Tekla huenda hakuwahi kuishi. Paula na Marsela walikuwa matajiri wenye nafasi. Karibu maandishi yote yametoka kwa wanaume. Yote ni kweli. Lakini hata kama Tekla ni hadithi, ghadhabu ya Tertuliani si hadithi, wala wanawake waliomghadhibisha. Utajiri wa Paula hauwaelezi wajakazi wawili wa Plinio. Na maandishi ya wanaume yanaaminika zaidi pale yanapolalamika, kwa kuwa hakuna anayekemea kisichotokea.

Kuna ushahidi unaouma zaidi, na anayetetea hoja hii hana budi kuukabili. Askofu Basili Mkuu, katika barua zake za kanuni za miaka ya 370, anaagiza nadhiri ya msichana isipokelewe kabla ya miaka 16 au 17, na baada ya kumchunguza kwa muda mrefu huku yeye mwenyewe akiendelea kuomba. Anataja sababu: wako wasichana walioletwa na wazazi na kaka zao kabla ya umri, si kwa mwito wao bali kwa faida ya familia. Walikuwapo, basi, waliotolewa kweli, kama wasemavyo watu wa kituo cha basi. Basili hakuwahesabu kuwa mfano. Alitaka wasipokelewe upesi kabla ya kusikia nia yao wenyewe.

Walutheri wa Usambara huongeza kwamba Luther alimwoa mtawa wa zamani, Katharina von Bora, mwaka 1525, na kwamba utawa si wa Injili. Lakini misheni ya Bethel iliyowaletea Injili mwaka 1891 ilikuja kuwa na makao katika mji wenye nyumba ya mashemasi wanawake ya Sarepta, na leo Kanisa la Kilutheri la Tanzania lina masista wa Ushirika wa Neema huko Moshi. Jirani Mwislamu naye hukumbusha kwamba dini yake haina utawa, na kwamba Qurani, katika Surat al-Hadid, inauita jambo walilolizua wenyewe wakitafuta radhi za Mwenyezi Mungu. Kuhusu chanzo chake, maneno hayo hayako mbali na ushahidi wa Korintho.

Nani anapoteza nini

Picha potofu ina gharama, na anayeilipa ni sista. Ukiamini kwamba ametolewa, utaamini pia kwamba kazi yake imetolewa. Machi 2018 jarida la wanawake la Vatikani liliandika habari za masista wanaowapikia na kuwafulia viongozi wa Kanisa kwa ujira mdogo au bila ujira. Kanisa la kale halikudhani kwamba mwenye nadhiri hali chakula. Karibu na mwaka 251 Papa Kornelio aliandika kwamba Kanisa la Roma lilikuwa likiwatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Parokia inayomtegemea sista kwa chekechea, zahanati na sakristia, kisha ikaona haya kumwandikia posho, haina msaada kutoka kwa mababa hao.

Mwaka 1970 Papa Paulo VI aliirudisha ibada ya kuwaweka wakfu mabikira wanaoishi nje ya mashirika, na mwaka 2018 Vatikani ikatoa mwongozo kamili juu yao. Sehemu yake inayosema kwamba ushahidi wa mwili si sharti la lazima ilizua ubishi. Wengine waliona ubikira umepunguzwa thamani. Kwa aliyesoma barua ya Sipriani na wakunga wake, huo ni mzozo wa miaka 1,700 unaorudi. Wanawake hawa hawana konventi wala Mama Mkuu. Kila mmoja huishi kwake, hujitafutia riziki, na kushika nadhiri yake mbele ya askofu wa jimbo. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kwashemshi, mwenye shamba lake la mahindi na jembe lake, anayepanda bodaboda kwenda sokoni Korogwe. Kumwita sista si sahihi, kwa maana hana shirika. Kumwita mtawa ni kumfungia ndani ya nyumba ambayo hakai. Bikira, neno lililotumika Korintho na Karthago, mitaani kwetu limebaki kuwa habari ya mwili tu. Ana miaka karibu elfu mbili ya watangulizi, na Kiswahili bado hakijampa jina.